Watano wa Radi Walivyoingia Mjambere

Jumatatu, 14 Aprili

Iandikwe na ijulikane: kutoka daraja la Nyali mpaka mashimo ya saruji ya Bamburi hakuna kijana mwenye kichwa kama changu. Mimi, Randu, niliacha shule kidato cha kwanza kwa sababu walimu waliishiwa na cha kunifundisha. Mama ana maelezo yake tofauti, lakini Mama haandiki daftari hili. Nafunga bhajia za watu wanne kwa mkono mmoja, huku wa pili unakoroga ukwaju, na simwagi hata tone. Wasichana wa Mjambere wanakula viazi karai vyetu hata wakiwa wameshiba, na si kwa ajili ya viazi.

Daftari kanipa Imad, mwana wa Mzee Aidarus mwenye duka lililopakana na kibanda chetu. Ni rafiki yangu tangu tukiwa watu wa kula matope. Yeye amemaliza kidato cha nne, kwa hiyo anaona mkono wangu utasahau kuandika. Leo kanipa na habari: mwishoni mwa mwezi wa sita anakwenda Nakuru kwa ami yake, kusomea ufundi wa umeme. Nikamwambia vizuri, huko kuna baridi, labda masikio yako yatasinyaa yawe kama ya watu. Tukacheka.

Mvua imeanza saa kumi.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Nimemenya viazi nusu gunia.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo naandika sana, kalamu ijiandae.

Karatasi za kufungia zilikwisha. Mama akanituma Bamburi kwenye nyumba moja ambayo wenyewe wamehama, na mlinzi anauza makaratasi yao kwa kilo. Nikarudi na gunia kichwani. Magazeti, vitabu vya hesabu, na kitu kimoja kinene kama tofali, hakina jalada mbele wala nyuma, kimejaa picha za kuchora. Karatasi yake ni ile inayonywa mafuta vizuri. Nikakiweka kando ya karai, nikawa nachana kuanzia juu. Bhajia, chana, funga. Viazi, chana, funga.

Rispa, yule msusi mwenye saluni ng'ambo ya barabara, alinunua bhajia akaenda zake, kisha akarudi. Mteja akirudi namna ile huwa amekuta unywele. Kumbe ameshika karatasi. Akaniuliza huyu binti amefanya nini mpaka vidole vyake vinawaka moto.

Nikatazama. Binti wa rika langu, amevaa sare ya shule, amesimama juu ya tangi la maji, kila kidole mwali. Nyuma yake wenzake watatu, mmoja amebeba gari begani kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi. Nikasahau niko wapi. Mama akanikumbusha kwa mwiko, maana bhajia zilikuwa zimekuwa makaa.

Nilikuwa nimeshachana karatasi ishirini na mbili. Nimezihesabu kwenye kingo zilizobaki. Sikujali. Mwanzo wa kitabu ni salamu tu, watu wanajuliana hali. Mwerevu anaruka.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeanza rasmi kusoma. Yaani, tumeanza, mimi na Imad. Kiingereza cha mle kwake ni uji, kwangu ni miiba ya samaki. Kwa hiyo tumegawana kazi: yeye anasoma maneno, mimi nayasimulia kwa Kiswahili cha watu, na mikono, na sauti, na mabomu. Kazi yangu ndiyo ngumu zaidi.

Ni vijana waliopigwa na radi, kila mmoja ikamwachia nguvu yake. Majina yao ya kizungu yanakwama kooni, nimewapa mapya. Kibiriti ni yule wa vidole. Ngome ndiye mbeba magari. Sauti akiimba, vioo vinapasuka. Kidogo anaweza kuingia kwenye tundu la ufunguo. Adui yao ni Babu Chuma, mwili wote mabati. Wanajiita Watano wa Radi lakini mimi nawaona wanne. Imad kasema labda wa tano tutamkuta mbele.

Kuna mambo ya ajabu kidogo. Watu wanajibu kabla ya kuulizwa. Imad alikunja uso, nikamfahamisha kwamba hiyo nayo ni nguvu ya radi, wanajua swali kabla halijatoka. Nambari za kurasa nazo zinarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Hiyo ni kwa sababu mchapaji alilewa. Tumekubaliana tukimalize kabla hajaondoka. Kitabu ni kinene lakini siku zipo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mahubiri marefu. Nilikuwa juu ya tangi la maji.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua inanisaidia. Mteja anakuja kununua, inamwagika, anakwama chini ya mabati yetu, anatusikia, haondoki tena. Leo walikuwa kumi na mmoja, pamoja na Kaviha dereva wa tuktuk, ambaye aliacha abiria wake amekaa ndani mpaka abiria naye akashuka kuja kusikiliza. Bhajia zilikwisha kabla ya magharibi. Mama hajasema asante, lakini mwiko ameuweka mbali.

Imad alitaka tukitafute kitabu kwenye simu. Hatukijui jina. Aliandika vijana, radi, vidole vya moto, akaletewa matangazo ya majiko ya gesi.

Jumamosi, 3 Mei

Wa tano amekuja! Anaitwa Kivuli, nimembatiza leo leo. Akitaka haonekani. Alitokea mlangoni, begi begani, wenzake wote wakamrukia wakamkumbatia, machozi kila mahali. Nilivyoisimulia hiyo, watu walipiga makofi mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Kaviha alifuta macho akasema ni moshi wa karai. Karai lilikuwa limezimwa.

Imad ndiye aliyebaki anatazama lile begi. Baadaye akaniuliza kama na yeye atakaporudi kutoka Nakuru tutamlilia vile. Nikamwambia tutalia, tukiona ulivyokonda. Alicheka, lakini si kicheko chake.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Paa limevuja juu ya unga wa dengu. Mama na mimi hatusemezani.

Jumapili, 11 Mei

Kitabu kinaharibika. Kila tukifungua, mashujaa wanapungua nguvu. Ngome leo kashindwa kuinua dawati. Kibiriti hawashi hata mshumaa. Babu Chuma, tuliyemwona ameshindwa na kufungwa minyororo, sasa ni mzima na anacheka. Nikawaambia watu amekunywa dawa. Rispa alisema kwa sauti, mbele za watu, kwamba hadithi imechacha, akarudi kwenye vichwa vyake. Nilimjibu kwamba mambo ya sanaa hayafahamiki kwa mtu anayeshinda na chanuo mdomoni. Alinionyesha hilo chanuo.

Ijumaa, 16 Mei

Tumemaliza. Ukurasa wa mwisho ni watoto watano wamesimama kwenye lango la shule, mvua inawanyeshea, kila mmoja anatazama kwake. Hawajuani. Imad alisoma maneno mara mbili: mmoja anamwuliza mwenzake jina lake nani.

Watu walikuwa ishirini. Hakuna aliyepiga kofi. Kaviha alisema hajapata kuona hadithi ambayo watu wanapigana, wanaokoana, wanaliliana, halafu mwisho wanaulizana majina. Anataka arudishiwe mwezi wake. Nilisema huo ndio utamu wake. Hata mbuzi hakuniamini.

Jumanne, 20 Mei

Sijui nianzie wapi. Nacheka peke yangu, kitanda kinatikisika.

Kitabu kilikuwa kimepata unyevu, Imad akakipeleka kwao kikauke karibu na seredani ya makaa ya bibi yake. Bibi yake ni Bi Samah. Hakwenda shule hata siku moja, lakini amesoma chuoni, kwa maalim wa Kurani, tangu utotoni, na barua zake zote huandika kwa herufi za Kiarabu. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Nilipokwenda na Imad kukichukua tulimkuta amekaa mkekani, miwani puani, kitabu pajani, anafunua.

Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Kisha akauliza, kama mtu anayezungumzia majirani, kwa nini hawa watoto wameachwa langoni mvuani, mama zao wako wapi. Nikamwambia kwa adabu kwamba bibi, hapo ni mwisho, umeanzia nyuma.

"Mwisho?" akasema. "Watu hawajajuana bado, mwisho utokee wapi? Tazama. Hapa wanyeshewa. Hapa radi hii yapiga lango. Hapa huyu mtoto wa kike aamka usingizini, pazia lashika moto, yeye mwenyewe yuashangaa vidole. Hapa yule mnene avunja kitasa cha mlango asitake. Kisha ndipo wakutana. Na huyu mzee wa mabati atawasumbua, mato yake hayana haya. Nyinyi mwasoma kinyume."

Alikuwa amekifungua kutoka kulia, kama alivyofungua kila kitabu maishani mwake. Alikuwa na kurasa arobaini tayari, kwa picha tupu, na kila kitu kilikuwa kimenyooka kama uzi.

Imad alinitazama, nikamtazama. Huyu mtu amekaa madrasa miaka tisa, kila asubuhi akifungua kutoka kulia! Lakini ameona Kiingereza, na Kiingereza huanzia kushoto, basi akili ikafunga mlango. Alianza kucheka polepole, kisha akashika ukuta, kisha akakaa chini. Mchapaji hakuwa amelewa; kumbe kuna vitabu vya picha vinavyochapwa kuanzia kulia hata vikiwa vya Kiingereza. Watu hawakujibu kabla ya kuulizwa. Babu Chuma hakunywa dawa yoyote. Sisi wawili, mwezi mzima, tulikuwa tunawavua mashujaa nguvu zao na kuwarudisha shuleni.

Bi Samah alitutazama juu ya miwani akasema kama tumemaliza kucheka, tumpe chai.

Jumatano, 21 Mei

Niliwatangazia watu kwamba nilifanya makusudi, nilikuwa nawapima. Sasa jina langu mtaa mzima ni Randu Kinyume. Rispa ndiye aliyelizindua. Watoto wananipita wakitembea nyumanyuma.

Jumamosi, 24 Mei

Tumeanza upya, kutoka kulia. Bi Samah ameletewa kiti chake, amekaa mbele kabisa, mtandio kichwani, na nikikosea ananikata. Kaviha amesamehe mwezi wake.

Jumapili, 1 Juni

Radi imepiga. Ngome kavunja kitasa. Watu walilala kwa kucheka. Kitu kilekile tulichokiona kinachosha, kikienda mbele ni asali. Nimegundua kwamba mimi ni msimuliaji hodari hata kuliko nilivyodhani, ila nilikuwa nimeshika usukani wa tuktuk kwa nyuma.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Nimekula kwa kina Imad mpaka nikasahau jina langu, la zamani na jipya. Bi Samah aliniuliza mbele ya wageni kama huko Nakuru Imad atapata wa kumchekesha. Nikasema nani atamvumilia, bibi. Wageni walicheka. Yeye hakucheka. Aliniongezea nyama.

Jumanne, 10 Juni

Babu Chuma ameanguka. Kidogo ndiye aliyeingia kwenye sikio lake akamfungua kutoka ndani. Mama yangu, Josephine mwenyewe, aliacha karai akaja kutazama picha. Bhajia ziliungua na hakuna aliyepigwa.

Jumamosi, 14 Juni

Leo ndiyo tumefika pale mlangoni. Kivuli na begi begani, wenzake wamemkumbatia, machozi kila mahali.

Nilikuwa nimeisahau. Nilifungua kwa furaha zangu, mdomo wazi, kisha Imad akaanza kusoma maneno, sauti ikapungua. Kivuli haji. Kivuli anakwenda. Ameitwa mji wa mbali, hawezi kukataa, anawaaga. Mwezi uliopita tuliyapigia makofi maneno hayohayo.

Hakuna aliyepiga makofi leo. Kurasa chache tu zilifuata, wanne peke yao juu ya tangi la maji, Kibiriti amewasha vidole ili aliyeko mbali aone. Halafu kingo zilizochanwa. Karatasi ishirini na mbili. Mwanzo niliouruka kwa werevu wangu ulikuwa mwisho.

Bi Samah alimgeukia mjukuu wake. "Basi? Yuarudi?"

Imad alisema hajui, bibi, karatasi zimekwenda na bhajia. Kisha watu wote wakanitazama mimi. Nimewahi kutazamwa vizuri zaidi.

Imad anaondoka tarehe ishirini na tisa. Siku kumi na tano.

Jumapili, 15 Juni

Msako umeanza. Nimeahidi mbele ya watu kwamba ukurasa wa mwisho utapatikana kabla Imad hajaondoka, nami nikiahidi jambo huwa. Nilianza kwa Rispa. Ile karatasi ya kwanza aliibandika kwenye kioo chake cha saluni, wateja wanaomba kusukwa kama Kibiriti. Alinipa, baada ya kunifanya niseme mara tatu kwamba chanuo ni kitu cha heshima.

Jumanne, 17 Juni

Kaviha alikuwa na mbili. Alizikunja akakaza kioo cha tuktuk kisigongegonge. Sasa kioo kinagonga na anajivunia.

Alhamisi, 19 Juni

Mtaa mzima unatafuta. Watu wanaleta karatasi hata za hesabu, wanasema ina mafuta ya bhajia lazima ni yetu. Mama mmoja wa Junda kaleta ukurasa aliokuwa amefunikia mtungi. Bi Samah anazipanga mkekani kama mtu anayechagua mchele, hii huku, hii kule, kwa picha tu, na hakosei. Tumefikisha karatasi tisa. Imad anasoma, mimi nasimulia, tunaruka mashimo. Tunajua sasa kwamba wanne wamepata barua. Tunajua Ngome amelia. Tunajua kuna dhoruba nyingine inakuja. Mwisho wenyewe bado.

Usiku Imad akaniambia hajawahi kucheka kama masika haya. Nikamwambia anyamaze, anaharibu hewa.

Jumanne, 24 Juni

Leo sikupata kitu. Mvua kidogo.

Jumatano, 25 Juni

Leo pia.

Jumamosi, 28 Juni

Bi Samah kapika biriani ya kuaga. Karatasi tisa zilikuwa ukutani, zimebandikwa kwa mpangilio, na nafasi tupu mwishoni. Mzee Aidarus aliomba dua ndefu. Mama kaleta sinia la bhajia, za bure, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya Kisauni.

Tulipobaki wawili Imad alitazama ile nafasi tupu. Akasema, "Usiache kutafuta, yakhe. Mwezi wa kumi na mbili nikija, tumalize mimi na wewe. Usimpe mtu mwingine akusomee." Nikamwapia.

Jumapili, 29 Juni

Nilimbebea sanduku mpaka kwenye basi. Nikamwambia Nakuru wakimwona na masikio yale watadhani antena imeletwa. Alinishika shingo kidogo, akapanda. Basi likaondoka. Nilinunua muhindi wa kuchoma, nikarudi kwa miguu.

Ijumaa, 4 Julai

Mvua imekatika. Imad kaandika kwenye simu kwamba kuna baridi, anavaa soksi akilala, na mwenzake wa chumbani hajui kucheka. Mwisho wa ujumbe: umepata?

Nikamjibu bado.

Jumatano, 9 Julai

Kalamu imekaa mkononi tangu saa nane. Mimi ambaye maneno hunitoka kama maji ya bomba lililopasuka.

Tarehe ishirini na nne nilipata.

Mama alitaka kupanda bamia nyuma ya nyumba, akaniambia nimletee mbegu kwenye kopo. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi. Ile ya kwanza kabisa niliyochana siku ile, kabla ya mteja yeyote, nilimpa yeye afungie mbegu zake. Nikazimimina kiganjani, nikaikunjua. Picha moja, ukurasa mzima. Meza, wanne wamekaa, vikombe vitano, na mlango uko wazi. Chini yake lile neno dogo la Kiingereza ambalo hata mimi nalijua, kwamba imekwisha. Na juu ya mlango mistari miwili ya maneno, na hiyo siwezi kuisoma.

Nilikuwa hatua kumi kutoka dukani kwao. Nilimsikia Imad ndani akipima sukari, anaimba. Ningeingia tu, akanisomea, tukamaliza, tukapiga kelele, Bi Samah angeletewa kiti chake.

Nikaikunja. Nikaiweka chini ya godoro, nikaja hapa nikaandika sikupata kitu. Hata wewe, daftari, nilikudanganya. Niliona kwamba tukimaliza, imekwisha. Mtu akishajua mwisho anarudia nini? Lakini akiwa na deni la ukurasa mmoja, atakuja. Ndivyo nilivyopiga hesabu, na unajua mimi na hesabu.

Basi likaondoka vilevile. Mtaa mzima bado unatafuta. Jana Kaviha alishusha abiria Mjambere ili apekue jaa moja kwa ajili yangu, akarudi na mikono michafu, akaniomba radhi kwamba hakupata. Bi Samah kila nikipita ananiuliza, na mimi namwitikia abee bibi, bado, macho yangu chini.

Simu iko hapa. Kupiga picha ni kugusa mara moja, kutuma mara ya pili. Imad angenisomea ile mistari miwili sasa hivi, kabla chai haijapoa, na ningejua kama Kivuli yuko mlangoni au mlango umeachwa wazi tu.

Leo asubuhi kauliza tena. Nimemwandikia: bado, ndugu yangu, naendelea kutafuta.